Boti ya tani 12 haihitaji injini ya HP 120

"Fundi, nimemwaga pesa zote hizi, mbona jirani mwenye injini ndogo tunakwenda sawa?" Malalamiko haya hayaishi. Aliyeyaleta safari hii alikataa injini ya HP 60 (nguvu za farasi) tuliyompendekezea, akanunua injini ya lori ya HP 120 iliyotumika, akatuletea tuifunge. Sasa anaona tumemdhulumu.

Boti za safari zenye umbo la meli ya uvuvi, tumbo la duara na mkuku (uti wa chini) mrefu, hupasua maji. Hazitelezi juu yake kama boti za mwendokasi. Kasi yake inatawaliwa na urefu wa mstari wa maji, pale maji yanapogusa ubavu wa chombo kikielea. Pima urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Futi 36 zinakupa noti 8, yaani maili 8 za bahari kwa saa. Ukilazimisha zaidi, omo (mbele) inapanda, tezi (nyuma) linazama, na kasi haiongezeki ila kidogo mno. Lita moja ya dizeli hutoa takriban HP 5 kwa muda wa saa moja. Piga hesabu mwenyewe HP 120 zinakunywa kiasi gani.

Sisi hukadiria HP 4 kwa tani, yaani 48 kwa boti yake ya tani 12, tukaongeza akiba ya kusi na mkondo wa Pemba. Ndiyo ile HP 60.

Ukiiendesha injini kubwa polepole kila siku, haipati joto lake: silinda hulainika, ringi hazishiki, oili inaliwa. Na hiyo ya lori wengi huifunga bila gia boksi ya kupunguza mizunguko, eti ghali, kisha panga (propela) dogo linazunguka kasi mno na kuvuruga maji tu. Mteja mmoja wa Pangani aliokoa pesa ya kipoza maji (kinachopoza maji ya injini kwa maji ya bahari bila kuyachanganya), akapitisha maji ya chumvi ndani ya bloku. Tulipofungua, kutu ilishakula njia zote za maji. Alinunua injini nyingine.

Ndiyo, bei yetu inampita fundi wa ufukweni. Tunapima chombo kikiwa na mzigo, tunanyoosha shafti, kisha tunakwenda baharini na kufungua mafuta hadi mwisho. Injini ya mizunguko 2,800 kwa dakika ifike 2,800. Ikikwama 2,400 ikitoa moshi mweusi, panga limezidi nguvu za injini; tunalirekebisha bila malipo ya ziada.

Ukija kuulizia bei, leta urefu wa mstari wa maji, uzito pamoja na mzigo, na nafasi iliyopo kwa ajili ya panga. Injini usinunue kwanza.