Risala ya Klabu ya Umoja wa Mataifa kwa Mgeni Rasmi, 24 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Tunajua ratiba yako imebana, na wageni waliokutangulia kwenye kiti hicho waliondoka kabla ya chakula. Kwa hiyo tutakwenda haraka.

Klabu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa Historia, ili kijana wa hapa ajue kwamba yanayoamuliwa New York, Addis Ababa na Arusha yanamfikia hadi shambani kwa baba yake. Nchi yetu ilimtoa Dkt. Salim Ahmed Salim, Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, na Dkt. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu kuanzia 2007 hadi 2012. Hatuoni kwa nini anayefuata asitoke hapa.

Mafanikio ni mengi. Tulinyakua nafasi ya tatu katika mdahalo wa kata, wenye shule ambazo idadi yake si lazima kutajwa. Kikao chetu cha mfano cha Baraza la Usalama kilikuwa na wajumbe wote 15, na kura ya turufu ya "Urusi" ilinuniwa bwenini wiki nzima.

Mheshimiwa, sasa tufike tulikokuwa tunakwenda.

Muhula uliopita binti wa kidato cha pili alipangiwa kuiwakilisha Sudan Kusini. Alifungua atlasi ya maktaba, asiione. Atlasi hiyo bado ina Zaire, na Sudan ni moja. Nchi iliyopata uhuru 2011, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, aliichora mwenyewe kwa penseli nyekundu, mpaka kwa kukisia. Takwimu za hotuba alizitafuta kwenye simu ya mwalimu wa zamu, bando likakata katikati.

Ndiyo maana wazazi walichanga, wakasomba mchanga na kufyatua tofali, boma la chumba cha kompyuta na maktaba likasimama. Limebaki kupauliwa tu. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mbao na bati. Tulipiga makofi, tukamvisha mgolole. Wa mwaka jana aliahidi kulifuatilia suala la bati. Tukapiga makofi tena, mgolole mwingine. Mvua za masika zimepita humo ndani mara mbili, na ukuta wa upande wa magharibi umeanza kumomonyoka. Hatusemi haya kwa kulaumu, maana tunajua viongozi wana majukumu mengi, na migolole bado tunayo.

Tunakuomba basi, kwa unyenyekevu mkubwa, utusaidie mbao na bati kwanza, kompyuta baadaye. Kompyuta bila paa tutaziweka wapi? Kabla ya kukata keki, tunaomba utembezwe hadi kwenye boma, ni nyuma ya jiko, kisha ututajie tarehe. Kama si mwaka huu, tuambie ukweli, wazazi waanze kuchanga upya. Mwalimu wa taaluma ataketi jirani yako wakati wa chakula, akiwa na daftari.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu