Mstari wa maji ndio uliozaa ugomvi wa Migingo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Ikitajwa Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, hapa Mwanza utasikia kwamba Wakenya na Waganda wana uhasama wa asili. Ugomvi ule ni wa juzi. Uliwaka mwaka 2008 na 2009, juu ya mwamba wa kama nusu eka, kwa sababu sangara wamejaa pembeni yake.

Mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda ziwani uliandikwa na Waingereza mwaka 1926, kwa kutaja visiwa: unatoka latitudo ya nyuzi 1 kusini hadi ncha ya magharibi ya Pyramid, kisha Ilemba, Kiringiti, Mageta na Sumba, ukaishia mdomo wa mto Sio. Migingo haimo. Nchi kavu, mpaka wa kwenye hati hufuatwa na bikoni, yaani nguzo za alama zinazosimikwa ardhini. Ziwani hakuna bikoni, kwa hiyo kila askari wa doria anabeba mpaka wake kichwani.

Mstari wetu Watanzania na Uganda ni nyuzi 1 kusini, urithi wa mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1890. Unaonekana mwepesi, lakini ndio unaowaponza wavuvi. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali duniani. GPS ya simu husoma mfumo mwingine, WGS84. Nyuzi 1 ya mfumo mmoja na ya mwingine zimepishana takriban mita 300. Boti ambayo simu inaonyesha iko mita 200 ndani ya Tanzania, kwenye ramani ile iko Uganda. Nyavu zinachukuliwa, na kila upande unaapa kuwa umeonewa.

Mstari huohuo ukipanda nchi kavu unaacha ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera. Amin alitaka mto uwe mpaka. Oktoba 1978 akaivamia, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita ile ilitumaliza kiuchumi.

Ombi langu ni hili: mnapoandika habari za wavuvi kukamatwa, chapeni majiranukta ya mahali (latitudo na longitudo), hadi sekunde, pamoja na mfumo uliotumika. Hapa dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika. Sekunde moja ni kama mita 31. Ukitaja dakika tu, umeacha nafasi ya karibu kilomita 2, na hapo hakuna msomaji awezaye kujua boti ilikuwa upande gani.

Mpima ramani,
Nyamagana, Mwanza