Mwanangu, ukienda Franschhoek pitia Pniel

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata nikiwa shambani Hombolo, huku Dodoma, mikono imejaa salfa ya kuzuia ukungu. Huku hatujambo. Zabibu za Machi zimeanza kubadilika rangi, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza hiyo siku ya mapumziko huko Cape Town uitumie wapi. Nenda Franschhoek, bonde la mizabibu, ila usiingilie mji wa Paarl. Pita Stellenbosch, kisha upande barabara ya Helshoogte. Kushoto utauona mlima Simonsberg, na ukianza kushuka utakutana uso kwa uso na safu ya Groot Drakenstein, miamba ya kijivu imesimama wima na mizabibu imepanda hadi miguuni pake. Nilipokwenda na wakulima wenzangu, gari zima lilinyamaza, na unawajua Wagogo wenzangu kwa maneno.

Usidanganyike na hiyo milima, lakini. Mji wa Franschhoek wenyewe uko karibu mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, wakati sisi tunaoitwa watu wa tambarare tuko juu ya mita 1,000. Milima ile inawapa maji, kivuli na njia ya upepo. Upande mmoja wa bonde jua linaondoka mapema, upande wa pili linachoma hadi jioni, na mkulima anachagua mbegu kwa kufuata hilo.

Februari kwao ni mavuno, kwa hiyo amka alfajiri uwahi wachumaji. Angalia wanavyofanya: kichala kinakatwa kwa mkasi mdogo, kinalazwa kwenye kreti ya kina kifupi ili zabibu za chini zisipondeke na kuanza kuchacha kabla ya kufika kiwandani. Sisi tunajaza ndoo mpaka pomoni, tunazirundika kwenye kirikuu juani, halafu tunanuna bei ikikatwa. Chenin Blanc, ile zabibu nyeupe uliyokuwa ukiichuma ukiwa mdogo, utaikuta huko imezeeka, mizabibu mifupi isiyofungwa kwenye waya, shina nene kama paja la mtu. Wao huvuna mara moja tu kwa mwaka, maana baridi yao ya katikati ya mwaka huangusha majani yote na mti unalala. Niliposema wetu haulali, kwamba tukiupogoa unazaa Machi na tena Agosti au Septemba, walinitazama kama mtu anayetafuta sifa.

Kabla ya yote hayo, simama kijiji cha Pniel. Kiko pale pale barabarani ukishuka Helshoogte, na magari ya watalii yanakipita bila kupunguza mwendo. Kilianza mwaka 1843 kama misheni ya watu waliotoka utumwani. Sheria ilifuta utumwa huko Rasi, yaani koloni la Cape, mwaka 1834, lakini waliwekwa miaka minne zaidi kwa mabwana wale wale, eti wanajifunza kazi, wakaachiwa kweli 1838. Wao au wazee wao walikuwa wameletwa kutoka Indonesia, India, Madagaska, Msumbiji, na wengine pwani hii yetu. Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa na kufika mwaka 1688 wana mnara wao mkubwa mwisho wa mji wa Franschhoek, na majina yao yamebaki kwenye mashamba na chupa. Waliochimba mashimo ya kupandia hiyo mizabibu, majina yao utayatafuta. Ukiona watu wanapigia picha kengele kwenye ua wa shamba la zamani, ujue ilipigwa kuwaamsha wao.

Na kuna jambo lililoniuma kuliko hilo. Kwa vizazi na vizazi wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana. Hata ilipopigwa marufuku, iliendelea. Madhara yake yako mpaka leo kwa watoto waliozaliwa na mama waliokunywa wakiwa wajawazito. Mimi ni mkulima wa zabibu, mvinyo ndio umekusomesha, na bado nakuambia.

Sasa onja, sikukatazi. Onja Pinotage, mvinyo mwekundu wa zabibu ambayo ndiyo yao wenyewe, waliizalisha Stellenbosch mwaka 1925. Tema kwenye ndoo kama wanavyotema wanaoijua kazi, na anayeendesha asiguse hata tone. Kurudi ndipo mpite njia ya Paarl, kwenye lango la gereza lililoitwa Victor Verster. Mandela alitoka hapo kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, na sanamu yake iko nje, ngumi juu.

Chupa usiniletee, uwanja wa ndege watakusumbua bure. Niletee mkasi mzuri wa kupogolea, na umuulize mkulima yeyote atakayekubali kusema: tani moja ya Chenin anaiuza kiwandani kwa bei gani? Andika kwa randi, hesabu nitapiga mwenyewe. Kikao chetu cha bei ni mwisho wa mwezi, nataka niingie na namba mkononi.

Baba yako