Barua kwa mwanangu kuhusu majaruba ya bondeni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nyakato. Wadogo zako hawajambo, nami presha imetulia tangu daktari anibadilishie dawa. Simu yako ya Jumapili niliisikiliza hadi mwisho, ila sikutaka kukujibu palepale, maana mambo ya urithi yakizungumzwa kwa simu huzaa maneno. Nimeona nikuandikie, usome taratibu, na siku nitakapokuwa sipo msibishane juu ya nilichosema.

Uliniambia majaruba ya mpunga ya bondeni kule Magu niyaweke kwenye fungu lako kwa kuwa mnunuzi yupo, na kwamba wajomba zako wanaoyalima wapewe kitu kidogo waondoke, kwa sababu bibi yao alinunuliwa na hawana damu ya ukoo wetu. Jibu langu ni hapana. Majaruba yale, pamoja na sehemu yenye makaburi, nawaandikia wao. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yangu na ndiye utakayesimamia wosia huu, kwa hiyo ni haki yako kujua sababu.

Babu yako, yaani baba yangu, alinieleza habari hii nilipokuwa nimeanza kazi ya ualimu. Baba wa babu yangu alikuwa mtu wa ng'ombe na mtama. Miaka ile misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikipita Tabora na kufika Kageye, pale pale ufukweni mwa Ziwa Victoria alipopiga kambi msafiri Mzungu Stanley mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua yake. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu nao walipita hapo. Huyo mzee alimnunua msichana mdogo aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, huyo huyo bibi unayemsema, akalipa kwa majembe na vitambaa. Msichana akachota maji, akapalilia, akamlea babu yangu mgongoni. Mzee alipoona kifo kinamkaribia, enzi ya Mjerumani, aliwaita wanawe akawagawia mali mbele ya wazee. Huyu ng'ombe kadhaa, yule majembe na ghala, na mtoto wa kwanza akapewa fungu lake la ng'ombe pamoja na yule msichana. Alitajwa baada ya ng'ombe. Baba aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, na mimi hadi leo kila nikiikumbuka orodha ile nasikia uchungu.

Unajua nilifundisha historia miaka mingi. Katika mada ya utumwa wa Marekani nilikuwa nawasomesha wanafunzi wosia wa George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho mijeledi na minyororo peke yake haikionyeshi. Mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa, aliandika orodha ya watumwa waliokuwa kwenye mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia. Walikuwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake mwenyewe, na 153 walikuwa wa mali iliyoachwa na mume wa kwanza wa mkewe Martha. Wengi wa waliobaki walikuwa wa kukodi. Katika wosia aliagiza kwamba wale 123 waachwe huru, lakini baada ya mkewe kufa. Mmoja tu, William Lee, aliyemtumikia vitani, alipewa uhuru papo hapo na dola 30 kila mwaka.

Wale 153 hakuwa na mamlaka nao. Mume wa kwanza wa Martha alikufa mwaka 1757 bila wosia, na sheria ya Virginia ikampa mjane matumizi ya theluthi moja maisha yake yote, kisha mali irudi kwa warithi wa marehemu. Watu walikuwa ndani ya hiyo theluthi. Lakini kwa miaka arobaini na zaidi, watu wa fungu hili na wa fungu lile walikuwa wameoana na kuzaa. Washington mwenyewe alilitaja hilo kwenye wosia. Martha hakungoja kifo chake, aliwaachia wale wa Washington tarehe 1 Januari 1801. Mwaka uliofuata akafa, na wale wa upande wa pili wakagawanywa kwa wajukuu zake wanne. Kwa hiyo ukamkuta baba ni mtu huru, mkewe na watoto wamekwenda kwa mjukuu fulani, na watoto wa jirani wamekwenda kwa mwingine. Hakuna aliyefanya wizi. Kila kitu kilifuata sheria, kila mrithi alipata haki yake, na nyumba za watu zikavunjwa.

Thomas Jefferson ndiye mbaya zaidi kwa maoni yangu, maana aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Alikufa tarehe 4 Julai 1826 akiwa na madeni ya zaidi ya dola laki moja. Kwa wosia aliwapa uhuru watano tu, mmoja wao mhunzi Joseph Fossett. Januari 1827 warithi wakapiga mnada watu 130 ili kulipa madeni, na mke wa Fossett na watoto wao walikuwa miongoni mwa waliouzwa.

Usiniambie hayo ni ya Wazungu. Pwani yetu ilikuwa na mashamba ya karafuu na watumwa wake, na Tanganyika ilikuja kufuta utumwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Ila huko pwani kuna jambo moja nataka ulitazame. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake aliachwa huru bwana akifa, na mtoto wake alirithi kama ndugu zake wengine. Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, mama yake alikuwa suria, na baba alipofariki mwaka 1856 alipata shamba na fedha kwa jina lake. Utumwa wao ulikuwa utumwa, siutetei hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hata wao hawakumwambia mtoto yule kwamba kununuliwa kwa mama yake kunamtoa kwenye urithi. Sisi tuliozaliwa miongo mingi baada ya biashara ile kufa, tunawezaje kumwambia mjukuu wa mjukuu?

Sasa sikia na upande wangu. Babu yako aliponiachia shamba lile kwa wosia, baba zangu wadogo walikuja juu. Walisema mwanamke hapewi ardhi ya ukoo, akipewa ni ya kulima tu hadi afe, na kweli kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyo. Kilichonipa nguvu ni kesi iliyoamuliwa hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshitaki kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza. Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba katiba haikubali kumbagua mtu kwa jinsia yake, hivyo mama yule alikuwa na haki sawa na mwanamume. Nilibeba nakala ya hukumu ile kwenye mkoba hadi ikachanika.

Lakini hukumu haikutosha. Baraza la ukoo lilitaka mtu aliyemsikia marehemu kwa masikio yake. Ndugu wa damu walikuwepo siku ile na wakanyamaza. Aliyesimama ni baba yao hao wajomba zako wa bondeni. Alisema alichosikia, neno kwa neno, akijua kwamba watamtukana kwa asili yake, na walimtukana. Elimu yako ya chuo ilitoka kwenye pamba na mpunga wa shamba hilo.

Sitaki uone kwamba nawapa kama zawadi ya ushahidi ule. Hata angenyamaza, ningewaandikia. Wamelima pale vizazi vinne. Wamechimba mifereji, wamejenga matuta, na mwaka 2024 ziwa lilipopanda likameza majaruba ya chini, ni wao waliokesha wakihamisha miche. Yule bibi amezikwa pale, na kazi yake ya miaka yote hakulipwa hata senti moja. Bado unataka wanawe walipwe kitu kidogo.

Nimepanga hivi. Shamba la juu la pamba na dengu mtagawana watoto wote watatu sawasawa, wa kike kama wa kiume. Nyumba ya Nyakato ni ya wadogo zako wawili, kwa sababu wewe ulishajengewa msingi. Ng'ombe ni wako. Majaruba na makaburi ni ya wajomba zako, na sitangoja kufa. Washington alisema "baada ya mke wangu kufa", na neno hilo "baada" liliwagharimu watu. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kijiji. Wapimaji watapita mwezi ujao, ili waombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yao, ya kina mama wakiwemo.

Wosia wenyewe nautia saini Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, hapa nyumbani. Mashahidi ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Nataka uwepo. Panda basi la Ijumaa, na uje na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, kwa kuwa jina lako linaingia kama msimamizi. Ukiwa na neno la kupinga, njoo ulisemee mbele yao, nitakusikiliza. Yule mnunuzi mwambie leo hii kwamba hakuna kinachouzwa.

Mama yako akupendaye.