Treni ya mfano ikikwama, reli ikaguliwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wapenzi wenzangu wa treni za mfano waache kuifungua injini kila mara treni inapokwama au kuacha reli. Kwanza itazamwe kasoro inatokea wapi: mabehewa tofauti yakianguka mahali pale pale, ubovu uko kwenye reli, behewa moja likianguka kila mahali, magurudumu yake ndiyo yapimwe.

Treni ya reli mbili hupokea umeme kupitia magurudumu, hivyo hata utando mwembamba wa mafuta na vumbi unaweza kuisimamisha. Wengi huusugua utando huo kwa msasa, jambo linalonisikitisha sana, kwa kuwa msasa huacha mikwaruzo ambamo uchafu mpya hujikusanya upesi zaidi. Kitambaa safi kilichotiwa spiriti kidogo kinatosha, mradi magurudumu nayo yafutwe, la sivyo yataurudisha uchafu ule ule. Lakini treni inayopunguza mwendo kadiri inavyokwenda mbali na chanzo cha umeme kwa kawaida huwa inakabiliwa na viunganishi vilivyolegea, na dawa yake ni kulehemu nyaya za ziada kwenye reli, sehemu kadhaa za mzunguko. Injini fupi, kwa upande wake, huzimika juu ya pointi, yaani pale reli inapogawanyika njia mbili, ambako makutano ya reli yametengenezwa kwa plastiki isiyopitisha umeme.

Kuhusu kuacha reli, ukucha unaopitishwa juu ya viungio vya reli ni kipimo kizuri kuliko jicho. Katika mizani ya HO, yaani treni iliyopunguzwa ukubwa mara 87 (1:87), reli zimeachana milimita 16.5 tu, na ngazi ya nusu milimita kwenye kiungio ni sawa na zaidi ya sentimita 4 kwenye reli halisi. Hakuna treni ya abiria ambayo ingepitishwa hapo. Behewa jepesi nalo huinuka kwenye kona, ndiyo maana NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza, kwa treni za HO, uzito wa wakia 1 pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Baada ya marekebisho, mabehewa yasukumwe kinyumenyume polepole, maana kasoro nyingi zinazojificha yanapovutwa hujitokeza yanaposukumwa.

Wako,
Mpenzi wa treni za mfano