Tupeni leseni, mwamba tunao

Ndugu Mhariri,

Kijijini kwetu, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika wilayani Uvinza, kuna mwamba tunauita "ofisini". Ukitaka mtandao unapanda nusu saa, unainua simu upande wa ziwa, na ikinasa hutikisiki. Msimu uliopita wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, jirani yangu, mzee wa Kitongwe, alishinda pale siku mbili na binti yake. Ukurasa unazunguka tu. Siku ya tatu akauza mbuzi, wakapanda boti hadi Kigoma mjini, fomu ikajazwa steshenari. Nauli, chakula na pa kulala vikammaliza mbuzi, deni likabaki. Na hapo ziwa lilikuwa limetulia.

Nitaambiwa minara inajengwa, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya mwaka 2006. Sipingi, minara ije. Ila mnara wa kampuni betri zikifa, sisi tulio chini yake hata ufunguo wa geti hatuna. Tunamngoja fundi wa mjini.

Mimi naomba tuwe na mtandao wa kwetu, wa jamii, unaomilikiwa na kuendeshwa na wanakijiji wenyewe. Mkongo wa Taifa, nyaya kuu za intaneti za nchi, umeshafika Kigoma mjini. Kutoka hapo antena mbili zinazotazamana, kilima kwa kilima, hurushiana intaneti makumi ya kilomita kwa sola na betri, mradi pasiwe na mlima katikati. Kijijini unafunga rauta shuleni, zahanati, na pale akina mama wanapoanika dagaa, maana wao ndio wanaouza bila kujua bei ya mjini imeamkaje.

Wenzetu wameshathubutu. Kondoa, mkoani Dodoma, walianzisha mtandao wa jamii kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Huko Mexico, Wazapoteki wa Talea de Castro, jimbo la Oaxaca, waliambiwa na kampuni kubwa kwamba ni wachache mno. Mwaka 2013 wakasimamisha mtandao wao wenyewe wa simu. Ulikuwa wa simu, sawa, lakini mwaka 2016 vijiji vya wenyeji kama hivyo vikapewa kibali rasmi cha masafa, na somo langu liko kwenye kibali hicho.

Maana vifaa tunaweza kuchangishana, kama tunavyochangia nyavu. Karatasi ndizo zinazotushinda. Kenya mwaka 2021 iliweka utaratibu wa leseni kwa ajili ya mitandao ya jamii peke yake. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, nao watuandalie leseni ambayo ushirika wa wavuvi unaimudu, fomu iwe ya Kiswahili, na ipatikane kwa karatasi ofisi ya mtendaji wa kata. Ikiwekwa mtandaoni tu, tutaijazia wapi? Kule mwambani?

Msomaji wako,
Uvinza, Kigoma