Tufungulieni kabati la vitabu vya historia

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu wanafunzi kutosoma vitabu vya historia. Wengi wanailaumu simu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Songea, na kwa ninavyoona, vitabu vyenyewe vimefungiwa kabatini kwa kufuli.

Historia tunaipata kwa noti za ubaoni. Vita vya Majimaji vinageuka orodha ya kukariri: pamba ya kulazimishwa, kodi, kushindwa, basi. Ukisoma kitabu chenyewe ndipo unaona vita vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905 vikawafikia Wangoni, na kwa nini Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni katika mji huu huu. Kila Februari tunapelekwa kwenye kumbukumbu hiyo, tena kwa sare safi, tukiwa hatujasoma chochote.

Muda upo: foleni ya chakula, kusubiri usafiri, jioni kabla ya prepo, yaani kujisomea usiku. Nawaomba wakuu wa shule waruhusu vitabu hivyo viazimwe hadi nyumbani, daftari la kuazima walishike viranja. Kikipotea kimoja, aliyekiazima alipe. Vingine viendelee kusomwa.

Mwanafunzi,
Songea